Msaada si bima: nani atalipa nyumba zetu maji yakirudi?

Uvira, Mei 2024



Ziwa Tanganyika limeingia mjini. Hapa Uvira, kutoka Kavimvira mpaka upande wa Kalundu, kuna nyumba ambamo samaki wanaogelea mahali kitanda kilipokuwa. Barabara ya kuenda Bujumbura imefunikwa na maji. Kalemie nako watu wamebeba magodoro kichwani. Na kama kawaida, mchezo ni ule ule: wakubwa wanakuja na magari, wanavaa mabuti, wanapigwa picha, wanasema "serikali iko pamoja nanyi", kisha inakuja orodha, inakuja mifuko ya unga kwa wachache, na baada ya mwezi mmoja hakuna anayeuliza tena.

Nasema wazi leo: kile tunachopewa baada ya maji ni huruma, si haki. Na huruma huchoka. Haki haichoki, kwa sababu imeandikwa. Tunachopaswa kudai ni bima ya serikali juu ya mafuriko: feza zilizowekwa kabla ya mvua, sheria inayosema nani anapata nini na kwa siku ngapi, na masharti ya kulinda mito na milima ili maji yasitupige kila mara. Mbele ya serikali mpya inayotayarishwa Kinshasa na Waziri Mkuu Mama Judith Suminwa, wakati wa kulisema ni huu.

Hii si ajali, ni desturi

Wengine watasema maji ni mapenzi ya Mungu, hakuna anayeweza kuyapangia. Tuhesabu basi.

Oktoba 2014, katika teritware ya Kalehe, mvua ilibomoa nyumba zaidi ya 700 na watu zaidi ya 130 wakatangazwa kuwa hawaonekani. Aprili 2020, hapa Uvira, mto Mulongwe na mito mingine ilitoka njia yake: watu zaidi ya 40 walikufa, maelfu ya nyumba yalianguka, mitambo ya maji ya REGIDESO iliharibika na mji mzima ukakaa na kiu katikati ya maji. Mwaka 2021 ziwa lilipanda. Desemba 2022 Kinshasa ilizika watu zaidi ya 120 baada ya mvua ya usiku mmoja. Alhamisi tarehe 4 Mei 2023, maji na mawe yalishuka juu ya Bushushu na Nyamukubi, Kalehe tena. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Zaidi ya watu 400 waliokotwa wakiwa wafu, na wengine wengi hawakuonekana hadi leo. Januari mwaka huu mto Congo ulifika mita 6,20 pale Kinshasa, karibu sawa na kipimo cha 1961 ambacho hakijawahi kupitwa. Na sasa ziwa limepanda tena.

Tangu 2014 mpaka 2023, Kalehe ilipewa miaka karibu tisa ya kujitayarisha. Mlima ni ule ule, mabonde ni yale yale. Kitu kinachorudi namna hiyo hakiitwi ajali. Mkulima anayejua kwamba nguruwe wa msituni wanapita shambani kila mwaka, kisha hajengi uzio, haendi kulia kwa majirani kwamba ameshtukizwa. Serikali nayo haina ruhusa ya kushtuka.

"Mlijenga ovyo"

Hili ndilo neno tunalosikia kabla hata maiti hazijazikwa. Wanasema wakaaji walijenga ovyo, bila mpango, ndani ya njia ya mto, basi wajilaumu.

Ndugu zangu, tuliangalie neno hili kwa utulivu. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema kwamba udongo wa Congo ni mali ya Serikali peke yake. Hakuna raia mwenye udongo. Anapewa haki ya kuutumia. Sasa kama udongo wa kando ya Mulongwe ni wa Serikali, nani aliugawa viwanja? Nani alikuja na kamba ya kupimia? Nani alipiga muhuri, akapokea feza, akatoa risiti? Maji hayagawi viwanja. Katika miji yetu yote kuna familia zenye karatasi halali za kiwanja kilicho mahali ambapo hata mtoto anajua mto unapita. Mwenye nyumba alidanganywa na karatasi. Aliyeiandika karatasi amelala pakavu.

Kuna na wengine ambao hawana karatasi kabisa. Hao ni watu waliokimbia vita kwenye Haut-Plateau na upande wa Fizi, wakashuka mjini na watoto na sufuria. Mahali pa bei ndogo ni wapi? Ni kando ya mto, kando ya ziwa, chini ya mlima uliochimbwa. Mtu huyo hakuchagua hatari. Alikimbia risasi, akakutana na maji. Kumwambia "ulijenga ovyo" ni kumpiga mtu aliyekwisha kuanguka.

Sisemi kwamba raia hana kosa. Nitarudi juu ya hilo. Lakini lawama igawanywe kufuatana na nguvu ya kila mmoja. Yule mwenye muhuri ana sehemu kubwa kuliko yule mwenye sufuria.

Bima ni likilimba kubwa

Wengi wakisikia neno bima, au asiransi, wanafikiri karatasi ya gari ambayo polisi anauliza barabarani. Ni kweli, kwa watu wengi hapo ndipo bima inapoanzia na kuishia. Kwa muda mrefu SONAS ilikuwa kampuni moja tu inchini. Sheria ya bima ya Machi 2015 ilifungua mlango kwa makampuni mengine, ikaweka na mamlaka ya kuyasimamia, ARCA. Tangu 2019 makampuni ya watu binafsi yanafanya kazi. Ni jambo zuri. Lakini utafute katika mitaa ya Uvira nyumba ya matofali mabichi yenye bima ya mafuriko. Utachoka viatu.

Kwa nini? Tuchukue mfano tunaoujua. Mama ishirini wanaouza ndagala wanafanya likilimba, au AVEC, na wanaweka pia kisanduku cha msaada. Mmoja akifiwa, kisanduku kinamsaidia. Mmoja akigonjwa, vilevile. Inaenda vizuri kwa sababu hawafiwi wote siku moja. Lakini Mulongwe ukitoka usiku, mama wote ishirini wanapoteza nyumba usiku mmoja. Kisanduku kinafunguliwa na kila mmoja anapata robo ya bati. Hapo ndipo likilimba ya mtaa inapokufa.

Kampuni ya bima nayo inaogopa kitu hicho hicho. Anayetaka kununua bima ya mafuriko ni yule anayekaa kando ya mto. Yule wa juu hataki kulipa. Kampuni inakuta mikononi mwake watu wa hatari tupu, wote watakaodai siku moja. Basi ama inakataa, ama inataja bei ambayo muuza ndagala hawezi hata kuitamka.

Dawa ni kupanua likilimba. Maji hayapigi inchi yote usiku mmoja. Uvira ikilia, Lubumbashi iko pakavu. Kinshasa ikilia, Kisangani inaweza kusaidia. Kalehe ikifunikwa, Kolwezi inafanya kazi. Inchi kubwa kama yetu, ambayo kila siku tunaimbiwa ukubwa wake, huo ukubwa utufae basi. Lakini likilimba ya inchi nzima haiwezi kufanywa na mama wa ndagala, wala na kampuni moja. Ni kazi ya Serikali. Ndiyo maana nasema bima ya serikali.

Wengine walipita njia hii, na walijikwaa wapi

Marekani ilianzisha bima ya serikali juu ya mafuriko mwaka 1968, kwa sababu ile ile: makampuni yalikuwa yamekimbia. Wazo lilikuwa jema. Serikali inauza bima, na mji unaotaka wakaaji wake wainunue ni lazima ukubali sheria za kujenga mbali na maji au juu ya maji. Lakini walijikwaa mahali pawili. Kwanza, kwa miaka mingi bei ya bima haikusema ukweli juu ya hatari. Pili, kuna nyumba zilizolipwa, zikajengwa pale pale, zikazama, zikalipwa tena, zikajengwa tena. Nyumba hizo ni chache, lakini zinakula sehemu kubwa ya feza. Baada ya tufani kubwa, mfuko uliingia deni la mabilioni ya dola kwa hazina ya serikali. Mwaka 2017 Bunge lao lilifuta dola bilioni 16 za deni hilo, na bado zaidi ya bilioni 20 zilibaki. Kuanzia Oktoba 2021 walibadilisha namna ya kupiga bei, kila nyumba kwa hatari yake. Sasa bei inakaribia ukweli, lakini maskini na wazee wa kando ya maji wanalalamika kwamba haiwezekani tena kulipa.

Kuna kitu kimoja chao kinachonifurahisha. Tangu 1990, mji unaofanya zaidi ya sheria, unaosafisha mifereji, unaoacha mabonde wazi, unaoonya watu mapema, wakaaji wake wanapunguziwa bei ya bima, kutoka asilimia 5 mpaka 45. Maana yake kazi ya pamoja inarudi mfukoni mwa kila mtu. Salongo inalipa.

Ufaransa ilichukua njia nyingine mwaka 1982. Kila mtu mwenye bima ya nyumba au ya gari, awe mlimani au bondeni, analipa kipande kidogo juu ya bima yake kwa ajili ya maafa, na Serikali iko nyuma kama mdhamini. Mwaka 1995 waliongeza mfuko wa kuzuia hatari, ambao unaweza hata kununua nyumba iliyo mahali pa kifo ili mwenyewe ahame kwa heshima.

Na tusiangalie Ulaya peke yake. Morocco, inchi ya Afrika, imeweka utaratibu wa mikono miwili: wenye bima wanalindwa kupitia bima zao, na wasio na bima wana mfuko wa mshikamano unaolishwa na kodi ndogo juu ya bima za wengine. Mkono huo wa pili ndio unaotuhusu sisi. Bima inayongoja kila maskini awe na mkataba wa kampuni ndipo alipwe, hiyo kwetu itakuwa bima ya wenye nyumba za ghorofa.

Tunachodai

Mimi si mwanasheria, lakini mambo haya yanaweza kuandikwa na mwanasheria yeyote kwa siku chache, kama kuna nia.

Kwanza, mfuko wa taifa wa mafuriko na maporomoko, uwekwe na sheria, si na tangazo la mkubwa anayepita. Feza zake zitoke pawili: kipande kidogo juu ya kila bima inayouzwa inchini, kuanzia ile ya magari ambayo ni ya lazima, na mstari katika bajeti ya Serikali unaolipwa kila mwaka, mvua inyeshe isinyeshe. Msiseme haiwezekani. Sheria ya madini ya 2018 ilikwisha kutenga asilimia 10 ya redevansi kwa vizazi vijavyo. Inchi inayoweza kuwekea feza watoto ambao hawajazaliwa, inaweza kuwekea na watoto wanaolala leo chini ya shitingi.

Pili, kulipwa kufuate kipimo, si sura ya mtu wala kabila wala chama. Maji ya ziwa yakifika kipimo fulani bandarini, mvua ikipita milimita fulani kwa siku, mfuko ufunguke wenyewe, bila kungoja ujumbe kutoka Kinshasa. Kwa hiyo tunataka vipimo vya mvua milimani na vipimo vya maji mitoni. Baada ya msiba wa Kalehe, wanasayansi wa kikundi cha World Weather Attribution walijaribu kujua kama mabadiliko ya tabianchi yaliongeza mvua ile, ile ile iliyoua na zaidi ya watu 130 kule Rwanda. Walishindwa kujibu, kwa sababu vituo vya kupima hali ya hewa huku kwetu ni vichache mno. Fikirieni hilo: tumezika watu zaidi ya 400, na hatuna hata namba ya mvua iliyowaua. Pasipo kipimo hakuna bima, kuna kuombaomba tu.

Tatu, anayehesabiwa ni nyumba na watu waliokaa ndani, si karatasi ya kiwanja. Mpangaji alipwe kwa vitu vyake na kodi ya miezi michache. Mjane ambaye karatasi iko kwa jina la marehemu alipwe. Mhami wa vita alipwe. Feza zipite kwenye simu, jina kwa jina, na orodha ibandikwe mlangoni pa kanisa, pa msikiti, pa ofisi ya mtaa, na isomwe redioni. Mwizi hapendi orodha inayosomwa kwa sauti.

Nne, na hapa nitawaudhi wengine: mfuko ulipe mara moja mtu kujenga upya pale pale. Maji yakirudi mara ya pili, mfuko ulipe kuhama, si kujenga. Huo ndio ugonjwa wa Marekani, na hatuna mabilioni ya kuugua nao. Lakini kuhama maana yake ni kiwanja kilichopimwa, chenye karatasi, maji, njia, shule, na soko karibu. Kumpeleka mvuvi kilomita kumi kutoka ziwani na kumwachia shitingi si kumhamisha, ni kumtupa. Ndugu zetu wa Bushushu na Nyamukubi waliambiwa juu ya kuhamishwa. Mwaka mmoja umepita. Waulizeni wao wenyewe wanalala wapi.

Nusu ya feza kabla ya mvua

Bima inayolipa tu bila kuzuia ni ndoo yenye tundu. Kwa hiyo nusu ya mfuko itumike kabla ya maji kuja.

Milima iliyo juu ya Uvira imenyolewa. Miti imekuwa makala ya kupikia, na tunayachoma sisi sote, mwandishi huyu akiwa ndani. Mvua haikuti tena mizizi, inateremka na udongo na mawe, mto unajaa mawe, kitanda chake kinapanda, na maji yanatafuta njia mpya kati ya nyumba. Ukuta wa gabioni bila kupanda miti huko juu unazikwa na mawe kwa misimu michache. Miti bila gabioni inachelewa. Vyote viwili vinatakiwa, pamoja na kazi ya kutoa mawe na mchanga mtoni kwa mpango, kila kiangazi, si kila mtu na beleshi yake akichimba ukingo mahali anapotaka.

Vijana wetu hawana kazi. Kupanda miti, kusafisha mifereji, kupanga mawe ndani ya gabioni, hizo ni kazi za mikono ambazo mfuko ungelipa kila siku. Franka zinazolipwa kwa beleshi ya Agosti ni kidogo kuliko zinazolipwa kwa jeneza la Aprili.

Juu ya ziwa, tusidanganyane. Meya wa Uvira hawezi kulipunguza. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga pale Kalemie, unaopeleka maji kwenye Lualaba. Mlango huo una historia: katika miaka ya 1870 ulikuwa umezibwa na udongo na majani, ziwa likapanda sana, mpaka mwaka 1878 maji yakapasua kizuizi yenyewe. Basi hali ya Lukuga ni jambo la Uvira, la Kalemie, la Bujumbura, la Kigoma na la Mpulungu. Inchi nne, yaani Congo, Burundi, Tanzania na Zambia, zilitia sahihi mkataba juu ya ziwa hili mwaka 2003, na kuna mamlaka ya pamoja yenye ofisi Bujumbura. Swali la Lukuga liwekwe mezani pale, kwa vipimo na kwa wataalamu, kwa sababu ukifungua mlango kupita kiasi unakausha bandari za wengine. Na hata hivyo, ukingo wa ziwa una tabia ya kupanda na kushuka. Wazee wetu wanakumbuka maji ya miaka ya 1960. Ziwa lilirudi nyuma, tukajenga mahali lilipokuwa, sasa limerudi kudai.

Na kuna onyo. Mvua kubwa inanyesha kwanza milimani, maji yanafika bondeni baadaye. Muda huo kati ya mlima na bonde ni uhai wa watu. Mtu mmoja katika kila kijiji cha juu, mwenye simu na yuniti alizolipiwa, ampigie shefu wa mtaa wa chini na redio ya mahali. Filimbi, ngoma, kengele ya kanisa, sauti ya msikiti, vyote vipo. Redio zetu za jamii ziko tayari kukatiza muziki wakati wowote. Hakuna anayetupa kipimo cha kutangaza.

Wanaopinga

Watasema: Serikali haina feza. Najibu: inalipa tayari, tena kwa bei ya juu. Inalipa ndege za wajumbe, inalipa mazishi, inalipa kujenga upya daraja lile lile kwenye barabara ya taifa namba 5. Tofauti ni kwamba inalipa kwa kuchelewa, na raia hapati.

Watasema: feza zitaibiwa. Woga huo ni halali, na ni mimi wa kwanza kuwa nao. Lakini msaada wa leo hauibiwi? Feza isiyo na sheria ndiyo rahisi kuibiwa, kwa sababu hakuna anayejua ilipaswa kuwa ngapi. Ukijua kwamba sheria inakupa kiasi fulani kwa siku fulani, unajua ni nani wa kumuuliza. Shirika la raia liketi ndani ya mfuko, wahami wenyewe wachague wajumbe wao, na hesabu itangazwe kila miezi mitatu.

Watasema: tuko vitani, mambo ya bima yangoje amani. Ndugu, mvua haingoji amani. Na familia iliyokimbia mara mbili, mara ya kwanza risasi na mara ya pili maji, ndiyo yenye haki ya kwanza.

Kwetu sisi wakaaji

Nilisema nitarudi kwetu. Tukitupa takataka mferejini, tunaandika jina la jirani yetu kwenye orodha ya wafu. Tukinunua kiwanja ndani ya njia ya mto kwa sababu bei ni nzuri, tuulize kwa nini bei ni nzuri. Shefu wa mtaa anayepokea kitu kidogo ili anyamaze, tumtaje kwa jina katika mikutano ya mtaa.

Na ninyi mlio kambini, msingoje sheria ili kuanza kuhesabiana. Andikeni wenyewe, leo, daftari moja kwa kila mtaa mliotoka: jina la baba na mama wa nyumba, idadi ya watoto, wafu, nyumba ilikuwa ya nini, ya mwenyewe au ya kupanga, mashahidi wawili majirani na alama za vidole vyao. Pigeni picha ya daftari kwa simu, nakala ibaki kwa padri au mchungaji au imamu, nakala kwa shirika la raia. Siku mfuko utakapowekwa, au hata siku msaada mwingine utakapofika, orodha iliyotengenezwa na wenyewe ni ngumu kuipindua kuliko ile inayoandikwa usiku ofisini.

Wabunge wetu wa taifa na wa jimbo walipita hapa Desemba wakiomba kura. Walivuka Mulongwe kwa magari. Wakirudi, msiwaulize tena wameleta mifuko mingapi. Waulizeni swali moja: sheria ya mfuko wa mafuriko iko wapi, na wewe uliiombea kura lini?

Mvua za masika zinamalizika sasa. Kiangazi kiko mbele yetu, kisha Septemba mvua itaanza tena. Hiyo ndiyo miezi ambayo serikali mpya inayo kabla ya maji yanayofuata.

Kutoka Uvira, ni mimi mwandishi wenu wa habari.